Kifundo Kilichokandwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanguka. Nilikuwa juu ya stuli nikifuta vumbi juu ya kabati — vumbi ambalo hakuna mgeni angeliona kamwe. Kifundo cha mguu wa kushoto kimevimba. Wifi yangu wa ghorofa ya chini amepanda na beseni la maji ya moto, amekikanda kwa nguvu zote. Nilipolalamika akasema, "Tulia, wifi. Ulimringia kaka yangu miaka yote, leo uko mikononi mwangu." Nimemshukuru. Malezi ni malezi.

Jumanne, 4 Machi

Kazi ya wifi imezaa matunda: kifundo kimekuwa papai. Kiatu hakiingii. Kandambili nazo zimekataa.

Mwanangu amepiga simu. Amekwisha kusikia, bila shaka kwa shangazi yake. Atakuja Jumamosi. Akikuta siwezi kutembea, nitahamia kwake, na nyumba yangu ataipangisha. Mkewe amekwisha kutandika kitanda. Wepesi ulioje!

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Daktari aliuliza nani amekanda. Nikajibu: familia.

"Bibi, kifundo kinawaka moto, nanyi mnakiongezea moto?"

Barafu ndani ya taulo. Bandeji. Mguu juu ya mito. Vidonge baada ya chakula. Kukanda marufuku. Maisha yangu yote ya ualimu nimewaamuru watu wakae na watulie. Leo nimeamriwa mimi, tena na mtu asiyechomekea shati.

Alhamisi, 6 Machi

Barafu. Mito. Barafu. Maumivu yamepungua, uvimbe umeshuka. Mfupa umeanza kuonekana, kama jamaa aliyerudi kutoka safarini.

Ijumaa, 7 Machi

Nilijiona mzima. Nikafagia sebule, nikapiga deki jikoni, ili mwanangu asipate la kusema. Sakafu inang'aa. Kifundo nacho kinang'aa.

Wifi amepanda na beseni. Nimemwambia daktari amekataza.

"Huyo daktari ana wifi?"

Beseni limerudi chini, maji yakiwa bado moto. Mwenyewe hajaaga.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu amefika mapema. Anabisha. Funguo ninazo mimi, mlango uko mwisho wa sebule, na mguu umekataa katakata kukanyaga.

"Mama, mbona hufungui?"

Nimemjibu kwamba navaa gauni. Gauni nimelivaa tangu alfajiri.

Anasema nisijisumbue, hana haraka. Huko nje namsikia wifi akimletea kiti.