Mabakuli ya Mama Tende

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia uwanja. Uji bila sukari tena, nimesahau kununua. Mtende umetoa karara nne mwaka huu, yale maganda marefu yanayofunika ua. Moja imeanza kuvimba tumbo. Basi wiki hii Mama Tende atakuja. Nimeosha kikombe cha pili. Kilikuwa na vumbi la mwaka mzima.

Jumatano, 6 Agosti

Hajaja. Karara imepasuka mdomo kidogo. Harufu yake ya unga mbichi inafika hadi jikoni.

Niandike jambo hili, maana kichwa kinazeeka. Mtende huu niliupanda kwa kokwa, enzi zile nachambua pamba kiwandani. Nikausubiri uzae miaka na miaka. Mke wangu akachoka na hasira zangu, akarudi kwao Maswa, na mti nao hauzai. Ngokolo nzima ikanicheka. Mwishowe nikaambiwa ni dume. Mtende dume hauzai hata uupigie magoti. Siku nimeshika panga niukate, mama mmoja wa Kinyamwezi akapiga kelele langoni, "Weee! Usimuue mkwe wangu!" Kumbe kwake ana mtende jike, na kwa kukosa unga wa dume unatoa vitende kama punje, havina hata kokwa.

Tangu hapo kila Agosti anakuja. "Hodi, nimekuja kuposa mume!" Namuuliza mahari iko wapi. Anacheka, anakata ua lake, anakunywa chai, anaondoka. Tende zikiiva ananiletea bakuli. Miaka saba. Ndiye mgeni wangu. Wengine ni wale wa Jumapili ya Matawi, wanaokata makuti na kwenda zao bila hata shikamoo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Redio inawasifu wakulima tangu asubuhi. Hajaja.

Sikutoka hata kwenda dukani, asije akakuta mlango umefungwa. Jirani yangu Mama Neema kaniuliza juu ya ukuta namsubiri nani. Nikamwambia simsubiri mtu. Akatazama meza niliyoitoa nje, na vikombe viwili. Akarudi ndani kwake. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyuki wamejaa. Ua limefunguka lote, unga unapeperuka bure. Ua la jike nalo likifunguka halisubiri. Siku chache tu, zikipita ndiyo basi hadi mwaka mwingine. Mama Tende anajua hayo kuliko mimi. Shauri yake! Mwenye shida ndiye anayefuata. Mimi siendi. Siendi ng'o.

Chai imepoa. Nimekunywa vikombe vyote viwili.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeazima ngazi kwa Mama Neema. Mtu mzima ovyo mimi. Goti linauma, miiba ya makuti imenichana mkono hadi kiwiko. Nimekata karara ya pili, ambayo ndiyo kwanza inafunguka.

Huko juu nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona. Mbali, upande wa msikiti, kichwa cha mtende mwingine juu ya mabati. Kwa miguu ni kama saa nzima. Miaka saba anatembea yeye, na nilikuwa namnung'unikia akichelewa.

Vikonyo vya ua nimevilaza kivulini juu ya gazeti.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda, vikonyo nimevifunga ndani ya gazeti.

Chini mtende hauonekani, nyumba zinauficha. Nikauliza dukani. Muuzaji akasema, "Unamtafuta nani, mzee?" Nikafungua mdomo, hakuna jina. Mama Tende ni jina nililompa mwenyewe. Miaka saba sikumuuliza jina, wala watoto, wala anaishi na nani. Yeye anajua goti langu lipi ni bovu. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu mke wangu abebe sanduku. Nikasema, "Yule mwenye mtende." Akasema, "Aa, Bi Mwajuma."

Bi Mwajuma hayupo. Nyumbani kwake kuna mpangaji, mwalimu wa kike. Kaniamkia vizuri. Kaniambia bibi alianguka bafuni mwezi wa sita, akavunjika nyonga. Mwanawe akamchukua, yuko Geita, Kalangalala. Mwalimu hajui habari za mitende. Maua mawili yamefunguka juu pale, hayana mtu.

Nikaazima ngazi kwa jirani, nikapanda. Nikafanya kama nilivyowahi kumsikia akieleza: vikonyo vichache vya dume katikati ya ua la jike, vichwa chini, unafunga kwa ukuti. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema kuposa. Nililia kidogo huko juu. Mwalimu alidhani ni vumbi.

Jumanne, 12 Agosti

Mwalimu alinipa namba ya Bi Mwajuma. Nimepiga.

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye mtende dume."

Kisha akasema, "Masanja." Jina langu alikuwa nalo siku zote. Akauliza kama vikonyo nimevigeuza vichwa chini. Nikasema ndiyo. Akamshukuru Mungu. Nilitaka kumwambia pole ya nyonga. Nikakata simu. Mjinga mimi.

Nimefungua kabati. Mabakuli yake yote saba yamo. Mama yangu alinifundisha kwamba chombo cha mtu hakirudi tupu. Mimi ugali wangu ni wa mtu mmoja, nitie nini humo? La kwanza halikurudi, na mengine yakafuata. Hakuyadai hata siku moja.

Alhamisi, 13 Novemba

Zimeshika! Za kijani, ukubwa wa ncha ya kidole. Nimevifunika vichala kwa chandarua kuukuu, ndege wasizimalize. Kila Alhamisi naenda kuzitazama. Mwalimu hunipa chai. Nikirudi nyumba ni ileile, na kimya kilekile.

Jumamosi, 14 Februari

Tumevuna kabla mvua haijaziozesha. Mwalimu kachukua za kufuturia. Mimi nimejaza bakuli la maua mekundu, lile la mwaka wa kwanza. Mwalimu alishauri tulitume kwa basi, konda atalifikisha. Nimekataa.

Jumatatu, 16 Februari

Jana nilikwenda Geita. Kahama nikabadilisha gari. Bakuli nililipakata njia nzima.

Nimemkuta mlangoni kwa mwanawe, kwenye kiti, mkongojo pembeni. Amekonda. Nikabisha hodi ingawa mlango uko wazi na mwenyewe ananitazama. Nikasema, "Nimeleta mahari." Akacheka mpaka akashika nyonga.

Alikula moja. Akaitoa kokwa, akaigeuzageuza kwenye kiganja, akasema mume bado ana nguvu. Nikampa pole ya nyonga, miezi minane baadaye. Tukakaa.

Nilipoaga aliuliza, kwa mara ya kwanza, "Na yale mabakuli mengine?"

Nikamwambia yapo.

Leo nimefagia uwanja. Yamebaki sita. Nitayapeleka moja moja.