Kichwa cha Mjane

Masafu, Jumapili

Arnold, mtoto wa kaka yangu,

Mbuzi wako amezaa pacha. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zenu zimenitia kinyaa.

Tulipomzika baba yako, tulimnyoa mama yako nyuma ya nyumba, wanawake peke yetu, kama ilivyo desturi ya mjane. Jana sokoni Busia muuza dagaa wa omena alimpa simu ajitazame kipara pichani, huku wateja wakicheka. Aliyeirusha picha Fesibuku ametumia jina la uongo, lakini pazia lililotokea pembeni nililishona mimi, la dirisha la chumba chako.

Mama yako ameniuliza nani alimpiga picha. Nikasema sijui. Basi ameniomba nikuandikie wewe, msomi wake wa mitandao, umtafute mtu huyo.

Mtafute.

Shangazi yako,
Nasirumbi