Kaka Hakuwahi Kutembea Peku

Mama,

Shikamoo. Goti la kushoto linaendeleaje na baridi ya huko Kilema? Na yule ndama, ameanza kula majani au bado ananyonya tu? Mimi ni mzima. Nakula wali wa huku wenye pilipili kila siku, na kila siku natamani bakuli la mtori wa ndizi zetu. Huu ni mwezi wa tatu India na figo zangu zote mbili bado ziko mahali pake. Najua hilo ndilo unalotaka kulijua kwanza. Kaka Evarist yu hai. Anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mdomo wake haujaugua hata siku moja.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu tunayokupigia ni ya wifi Gladness, na nikiongea nawe anakaa pembeni kunisikiliza. Ndiyo maana wiki zote hizi nilikuwa nasema "tunaendelea vizuri, Mama" na kunyamaza. Hatukuwa tunaendelea vizuri. Barua hii anakuletea yule mzee Mhindi mwenye duka la mabati pale Moshi mjini, aliyekuja huku kutibiwa moyo. Anasafiri kesho. Mkaribishe chai, maana bila yeye mwanao wa kwanza angekuwa marehemu mtarajiwa.

Siku ya kwanza daktari alituketisha akatuuliza maswali. Anayetoa figo na anayepokea wote huulizwa: umekulia wapi, umewahi kutembea peku kwenye udongo, umewahi kunywa maji ya mfereji. Kiingereza changu unakijua, kwa hiyo wifi ndiye aliyekuwa akinitafsiria. Daktari aliongea kwa kirefu, wifi akanigeukia akasema, "Anauliza kama kuna dawa inakudhuru." Nikasema hakuna. Basi yeye akamjibu daktari maneno ya kujaza ukurasa. Kumbe alikuwa anamwambia kwamba sisi ni watu wa mjini, tumelelewa kwenye nyumba ya sakafu, na kwamba mguu wa mume wake haujawahi kukanyaga tope. Na Kaka, anayejua Kiingereza kumshinda, alikuwa amekaa pale anaitikia kwa kichwa.

Mama, Evarist huyu huyu. Huyu aliyebeba samadi na mimi kutoka zizini mpaka kwenye migomba, tope likitoka katikati ya vidole. Huyu aliyekuwa akishika viatu mkononi Jumapili mpaka geti la misheni ndipo avivae, ili visiishe soli. Leo amezaliwa kwenye sakafu.

Lakini damu yangu ilileta majibu mengine. Wakanipima mara ya pili, wakataka na choo, wakakuta minyoo. Si ile ya watoto unayoijua wewe. Hii huishi kwenye udongo, inapenya kwenye ngozi ya mguu, na ikishaingia tumboni inaweza kukaa miaka na miaka bila mtu kujua. Nikapewa vidonge, na siku ya upasuaji ikasogezwa mbele.

Ungemwona wifi siku hiyo. Jioni nilikuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu na ndala zangu zimetupwa nje ya mlango. Akaniambia, "Wifi, usinielewe vibaya, ila sahani zako ziwe huku. Unajua sisi hatujazoea mambo ya shamba." Mwanamke anasubiri nifunguliwe ubavu ili mume wake aishi, na anaogopa kijiko changu. Nilikitazama kikombe kile nikacheka, na sikucheka kwa furaha.

Tena hakutaka kukaa karibu yangu hata kliniki. Niliporudishwa kwa daktari alisema kichwa kinamuuma. Hapo ndipo nilipomwomba mzee wa mabati aje anitafsirie, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza daktari anasema nini hasa. Alieleza kwamba minyoo hii inanyamaza tumboni kwa sababu mwili unaidhibiti. Lakini mtu akishawekewa figo hupewa dawa za kuulegeza mwili ili usiikatae ile figo ngeni, na mwili ukilegea, minyoo inazaana bila kipimo, inaingia mpaka kwenye mapafu, na mtu anakufa huku figo yake mpya inafanya kazi vizuri. Akamalizia kwamba, bahati nzuri, mgonjwa mwenyewe hakukulia kwenye udongo, kwa hiyo hawakuona haja ya kumpima.

Mzee alitafsiri mpaka hapo, akanigeukia. "Binti, wewe na kaka yako si mmezaliwa nyumba moja?"

Nilimwomba anipe siku moja niongee na mwenye tumbo lake kwanza. Nilikosea, lakini nilitaka aseme mwenyewe, ajistahi.

Nilimkuta Kaka amelala, wifi anamenya chungwa. Nikamweleza yote taratibu, kama unavyomweleza mtoto kwamba moto unaunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Feli, umeshajiaibisha wewe, sasa unataka na mimi nionekane nina minyoo? Huku wananiita mkurugenzi."

Nikamwambia, "Kaka, utakufa ukiwa mkurugenzi."

"Wewe kazi yako ni figo," akasema. "Mengine tuachie sisi tuliosoma." Wifi akamlisha kipande cha chungwa.

Nilitoka pale kwa hasira. Nilifikiri kufunga begi langu nirudi Kilema na figo zangu, wao wabaki na usomi wao. Kisha nikakukumbuka siku ile jikoni ulipotaka kuniomba nimpe figo, ulivyonishika mikono ukalia na kushindwa kusema. Kama ningenyamaza ningekuwa nimekuletea maiti iliyovaa tai.

Sasa sikiliza Mungu alivyo. Unakumbuka Krismasi iliyopita walivyopanda huko mlimani na magari, na Kaka akavua viatu mbele ya wageni wake, akakunja suruali, akachukua jembe lako akasimama katikati ya migomba huku wifi anampiga picha? Wewe ulisema ni vizuri hajasahau nyumbani. Alilima mistari miwili, akachoka. Picha zile wifi alizitupa mtandaoni dunia nzima izione, na kila Krismasi anaweka nyingine. Mzee wa mabati alizitafuta kwenye simu yake, akazipata zote. Tukaenda kwa daktari. Nikamwonyesha mkurugenzi peku kwenye samadi, miaka sita mfululizo, anacheka mpaka magego.

Daktari aliivuta ile ya mwisho akaitazama miguu kwa makini, akaomba aletewe choo cha mgonjwa siku hiyo hiyo.

Anayo, Mama. Tena yake ni mingi kuliko yangu.

Tumemeza vidonge vya aina moja, mimi na yeye, tukapimwa tena, na sasa wote tuko safi. Wifi alikata uzi wa kikombe changu mwenyewe, kimyakimya, maana ingebidi avifunge vikombe viwili. Sasa anasema lazima minyoo Kaka aliipata kwetu wakati wa Krismasi, kana kwamba tulimfungia kwenye mfuko na ndizi za kupeleka mjini. Na wewe, usione haya wala usijilaumu. Daktari alisema ni udongo, si uchafu. Ila nenda zahanati ukapimwe, na zile buti za mpira nilizokununulia uzivae zizini, usizitunzie wageni.

Tunaingia chumba cha upasuaji Alhamisi. Jana Kaka aliniita wifi alipokwenda kununua maji. Hakuomba radhi. Aliangalia dirishani akauliza, "Bado utanipa?"

Nikamjibu kwamba figo alishaipata siku ile mama yetu alipolia jikoni, kilichobaki ni kisu tu. Nilichokuwa namheshimia ndicho kimekwisha, na hicho hospitali hii haina pa kukipandikiza. Nikamfunika miguu, ilikuwa imetoka nje ya shuka.

Nisalimie baba mdogo anayetukatia majani ya ng'ombe, shangazi wa Marangu, na mama jirani anayekukamulia wakati sipo. Mwambie katekista atuombee wote wawili, hata yule.

Na jambo moja, Mama. Najua ukimaliza kusoma utakwenda kwenye mpaka wa kihamba, pale migomba inapoishia, kuchuma jani la sale, umpe Kaka akirudi aje kuniomba msamaha. Naomba usilichume. Akiniletea jani lile, kwa mila yetu siwezi kukataa kumsamehe, na bado sijamaliza kumdharau.

Ni mimi binti yako, mwenye figo mbili hadi Alhamisi,

Felista