Mgeni wa Havugimana

Alhamisi, 15 Novemba 2012

Leo amekuja kijana wa chuo, anaitwa Rémy. Anafanya ankete, utafiti wa maswali, juu ya wauguzi tunaotunza watu wenye ulemavu wa akili — juu yetu sisi, si wao! Anataka kujua tunalalaje, tunakula nini, tunalia au hatulii. Niligeuka kutazama kama nyuma yangu kuna mtu mwingine anayeulizwa. Miaka yote niliyofanya kazi kituoni hapa Majengo, wenye kalamu huja kuuliza sabuni imeisha kwa nini na nani amevunja kiti.

Mengine yanajibiwa kwa namba, toka un mpaka cinq, moja mpaka tano. Uchovu: cinq. Magoti hayakuwemo kwenye maswali, nikamwambia ayaongeze. Akacheka, akayaongeza kweli. Nimempenda.

Halafu akauliza kazi hii niliipendea wapi. Nikasema tu, kwetu Masisi, na yeye akaniinulia kalamu: endelea. Basi nikamwambia habari za mjomba Nsanzimana.

Mjomba alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, akili ya mtoto mdogo. Kule kilimani hakuna aliyemwita mgonjwa. Alikuwa na kazi yake: kusindikiza wageni. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unatembea naye, mpaka kijitoni, mpaka kwenye mikaratusi, hata mbali zaidi, mpaka yeye mwenyewe aseme: imetosha, urudi. Asiposema, usirudi. Nyanya na jirani yake walikuwa wakisindikizana huku na huku, huyu akimrudisha yule, hadi ng'ombe wanaingia zizini! Mjomba hakukosea hata siku moja. Wageni wengine walikataa kuondoka kama hayupo.

Nikasikia harufu ya moshi wa zizini jioni, ule wa kufukuza inzi. Pale pale, kwenye kiti cha ofisi. Kilima chetu sasa kina wenyewe wengine. Sijui kama njia zile bado ziko.

Ndiyo sababu kati ya wagonjwa wetu nampendelea Havugimana, nakubali. Naye ni wa Masisi, amelelewa vile vile, ana miaka arobaini na kitu. Kila anayetoka getini anamsindikiza: padri, muuza makaa, wote. Wote wanajua neno la kumwambia. Asipoambiwa na mgeni mwenyewe, sisi tukimwita ni bure, tukimvuta anakaa chini na hainuki. Rémy nilimfundisha kabla hajatoka. Walifika kwenye kona, nikamsikia anasema vizuri kabisa, "Imetosha papa, urudi." Havugimana akarudi amejaa furaha usoni.

Jumamosi, 17 Novemba

Wanasema waasi wameichukua Kibumba, kule juu ya mji. Mabomu tangu asubuhi, madirisha yanatetemeka. Wagonjwa wetu wawili wameingia chini ya kitanda na uji wao. Bénédicte, mwenzangu wa zamu, kijana bado, ananiuliza kama tutakimbia. Na hawa wote? Nani atawabeba? Nikamwambia akakoroge uji mwingine.

Havugimana haogopi. Anasema ni mvua ya kwao.

Jumapili, 18 Novemba

Ameondoka. Havugimana ameondoka!

Nitulie niandike. Tangu saa nne asubuhi barabara imejaa watu. Kibumba yote, kambi yote ya wakimbizi ya kule juu, Munigi nayo. Magodoro, mbuzi, watoto mgongoni, cherehani juu ya kichwa cha mwanaume. Nimeyaona haya mara ngapi! Na kila mara nadhani ni ya mwisho.

Bibi mmoja aliketi getini kwetu, peke yake, na sufuria imefungwa ndani ya kitenge. Havugimana akamletea maji. Kisha akamletea kiti. Nilimwona, nikafurahi, nikaingia ndani kubadilisha shuka. Nilipotoka kiti kiko, hao wawili hawapo.

Bénédicte aliwaona. Anasema bibi aliinuka, Havugimana akachukua ile sufuria, wakaingia kwenye watu. Akamwita — wapi! Alidhani atafika kona arudi, kama siku zote.

Mimi nimeelewa mara moja. Amemsindikiza. Na mtu anayekimbia vita atakumbuka vipi kumwambia mwenzake rudi nyumbani?

Jumatatu, 19 Novemba

Nimemwachia Bénédicte kituo, nikatoka na Rémy. Alikuja kumalizia maswali yake, maskini, nikamwambia leo ankete ni ya miguu. Watu wanaelekea Mugunga, nasi tukaelekea huko. Nauliza kila mtu: mwanaume mrefu, kofia ya manyoya, amebeba sufuria ya bibi. Muuza mandazi wa Ndosho akasema ndiyo, amemwona jana. Alimsifu. Anasema mutoto wa kiume wa hivyo siku hizi hakuna, anamushika mama yake mukono kwenye mawe. Mama yake!

Mchana risasi zikaanza upande wa uwanja wa ndege, kisha kila upande. Tumejificha kanisani pamoja na watu wengi. Ili asizisikilize risasi Rémy akafungua makaratasi yake, akaniuliza: hofu, toka un mpaka cinq? Badala ya kuandika jibu akatazama simu yake. Kumbe baba yake yuko Kibumba, tangu Jumamosi simu haipatikani. Na leo alikuja kutuuliza sisi kama tunalala! Nikamnyang'anya kalamu, nikamwuliza mimi. Unalala? "Hapana, mama." Unakula? "Hapana." Unalia? Hapo akalia. Nimemshika kichwa kama ninavyowashika wangu, na mimi pia nikalia. Ilitusaidia sote, kusema kweli.

Nimekaa nikiwaza mjomba Nsanzimana. Tulipokimbia Masisi, yeye alikuwa amesindikiza watu. Tulimngoja mpaka nyumba za jirani zikaanza kuwaka, tukaenda. Mama aliacha maziwa mlangoni kwa ajili yake. Sijui aliyanywa nani. Namkumbuka, namkumbuka sana, alikuwa anacheka kabla ya kusikia kichekesho chenyewe. Huyu mwingine sitamwacha.

Jumanne, 20 Novemba

Nimempata!!

Mugunga, kando ya kambi, juu ya mawe ya volkano. Nimekuja peke yangu. Rémy alfajiri amepata mtu aliyemwona baba yake, nikamwambia kimbia, usiniangalie mimi. Nimezunguka mahema mpaka nikaiona ile kofia. Amekaa anapuliza moto. Uso mweusi kwa masizi, kiatu kimoja. Akaniona, hakushtuka hata kidogo. "Mama Ernestine! Mugeni bado hajafika."

Nikamwambia twende. Hapana. Nikamvuta kidogo, nikiwa najua. Akakaa chini.

Bibi anaitwa Mukamugema. Ana jicho moja linaloona. Akanikaribisha kwenye jiwe, kama tuko kwake. Mwanawe na wajukuu walipotezana naye njiani usiku wa Kibumba. Anasema Havugimana amemchotea maji, amemtafutia kuni, amelala mlangoni kwa sababu hema ni la watu wengine na bibi mwenyewe amepewa kona tu. Alidhani Mungu amemletea mtoto. Baadaye akaona akili yake ni ya namna gani. "Nikaona, lakini nikanyamaza," aliniambia, bila kuficha.

Nikamweleza. Kwamba Havugimana ana dawa za kifafa, leo siku ya tatu hajazimeza. Kwamba askari wakimwuliza jambo atajibu jambo jingine, na hao hawana subira. Kwamba hatarudi mpaka yeye, bibi, aseme lile neno.

"Nikisema, nitabakia na nani?"

Nina diploma, nimefanya mafunzo na wazungu, wanatufundisha namna ya kuongea na wenye majonzi. Nikageukia mfuko wa dawa. Nikampa Havugimana kidonge chake na maji, akameza. Jana, anasema bibi, alianguka akatetemeka, na majirani wakaogopa kumgusa. Bibi ndiye aliyemgeuza ubavu. Hakufundishwa na mtu, alikuwa na dada wa hivyo.

Simu. Bénédicte. Waasi wameingia mjini, risasi zimepungua, wanapita Majengo hivi hivi mchana. Wote ndani wazima. Lakini maji hakuna, umeme hakuna, na yeye peke yake hawezi usiku mwingine. "Mama, kama unakuya, kuya sasa. Kesho sijui kama batafungua njia."

Bibi amesikia. Kisha amemwita Havugimana, amemshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kinyarwanda, polepole, namna ya kwetu hasa, ambayo sijaisikia tangu nyanya yangu afe. Kwamba ameona wasindikizaji wengi tangu aolewe, na hakuna aliyemfikisha mbali hivi. Kwamba asalimie nyumbani. Imetosha, urudi.

Kainuka pale pale! Hakubisha. Amejipangusa suruali, akamwinamia, akaenda mpaka barabarani. Amesimama huko na kiatu chake kimoja, ananingojea.

Bibi hajaniomba kitu. Amenigeuzia mgongo, anapekua ndani ya sufuria ambayo najua haina chochote. Mabega yake madogo. Kituoni vitanda vimejaa, masista wenye kituo hawapokei wazee, na mguu wake hauwezi tena kufika hata Ndosho. Hayo yote nayajua. Nimeshamuaga, mara mbili.

Havugimana anaita: "Mama Ernestine, twende, njia itafungwa!" Watu wanaanza kumtazama. Nimemwambia naja.

Naandika juu ya goti, kwa mkono mmoja. Ule mwingine umeshika kitenge cha bibi, na sijui nilikishika saa ngapi.