Rangi ya Maktaba Haijakauka

Nyumba ya tatu, nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mama anauliza kama bado unapanda ghorofa nne kwa miguu kwenda kazini, au wameshatengeneza lifti. Sisi huku ni wazima, ila mimi nimekuwa nikila nusu sahani tangu Jumatatu, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Unakumbuka ulivyomsukuma Mama ajiunge na kikundi cha wafanyabiashara wadogo? Ulimwambia kwamba mshona mapazia asiyejulikana atawashonea panya. Alikusikiliza. Wanakutana kila Alhamisi saa moja asubuhi, kwenye chumba kilicho juu ya duka la viatu. Kila kazi ina mtu mmoja tu: mwoka mikate mmoja, fundi bomba mmoja, fundi rangi mmoja, na Mama. Kila mwezi mwanachama lazima alete karatasi yenye jina la mteja kwa ajili ya mwenzake. Mwanzoni Mama alikaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Sasa anakaa katikati, anawauliza wenzake habari za kazi zao kabla ya kueleza yake, na wanamwita Mama Mapazia.

Matatizo yalianza mwezi uliopita. Alikuwa amepokea wateja watatu kutoka kwa wenzake, naye hajatoa hata mmoja. Mwoka mikate, ambaye ndiye katibu, akamtania mbele ya watu: "Mama Mapazia, huo mkono wako unajua kupokea tu?" Watu wakacheka. Mama akaona aibu, akaandika jina la mwalimu mkuu wetu na kumpa fundi rangi aliyeketi pembeni yake. Hakuwahi kuona hata ukuta mmoja aliopaka. Alijua tu kwamba ni mcheshi na hachelewi mkutano.

Mwalimu mkuu alimkubali fundi huyo apake rangi maktaba ya shule kwa sababu ya Mama, maana mapazia ya humo alishona yeye. Tena tulikuwa tunatumaini kwamba atampa Mama kazi ya mabweni mapya. Ni madirisha arobaini na mawili, Mama Mdogo. Hajawahi kupata kazi kubwa kama hiyo.

Sasa ile rangi imegoma kukauka. Ukiegemea ukuta unaondoka na sare ya rangi mbili. Upande wa dirishani imevimba mapovu, na mapazia ya Mama yamegandia hapo hapo. Wenzangu darasani wananiita Brashi. Hilo nalivumilia. Lakini Jumatatu mwalimu mkuu alinisimamisha mlangoni akasema, "Mwambie mama yako aje anione kesho." Hakutabasamu.

Sikumwambia. Nakiri kwako bila kujitetea. Alhamisi ilikuwa zamu ya Mama kuzungumza mbele ya kikundi kwa dakika kumi, nafasi ambayo mtu huipata mara moja kwa mwaka, naye alikuwa amejiandaa wiki tatu. Niliogopa kumvunja moyo. Jumatano nilipotoka shule nilimkuta akijizoeza huku akikunja pindo, nami nikamshikia kitambaa. "Ndugu zangu," akasema, "mfano mzuri wa kupeana wateja ni maktaba ya shule ya binti yangu." Kumbe alikuwa anakwenda kumsifu fundi rangi mbele ya wote! Kitambaa kikaniponyoka.

Nikamweleza kila kitu. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Jumatatu? Na leo Jumatano?" Akauliza tena. Kisha akavaa viatu, tukaenda shule karibu tunakimbia. Ofisi ilikuwa imefungwa, lakini mlinzi alituruhusu kuingia maktaba. Mama akagusa ukuta, akakitazama kidole chake muda mrefu.

Alhamisi alinichukua nimbebee sampuli za vitambaa kabla sijaenda shule. Hakuzifungua. Alisimama, akasema kwamba alimpeleka mwenzake kwa mteja wake bora bila kuona kazi yake, ili tu asichekwe.

Fundi rangi akaruka. "Mama Mapazia, ndiyo unanianika hivi? Rangi yangu haina kosa. Ule ukuta ndio unatoka jasho!"

"Jasho la nini, umekimbia wapi?" mwoka mikate akamjibu. "Uliupapasa kabla ya kupaka?"

Fundi bomba, mzee ambaye husema mara moja kwa mwezi, akauliza nyuma ya ukuta huo kuna nini. Mimi ndiye niliyejua, nikasema: vyoo vya walimu.

Mchana Mama alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba radhi. Alisema ujumbe ulichelewa kufika nyumbani. Hakusema umechelewa mikononi mwa nani. Akajibiwa kwamba mazungumzo mengine yatasubiri ukuta utengenezwe.

Leo Mama na mafundi wote wawili wako hapa maktaba tangu asubuhi. Fundi bomba amevunja sehemu ya ukuta na kukuta bomba linavuja. Fundi rangi anakwangua rangi yake mwenyewe, bila vichekesho. Mama anabandua mapazia taratibu yasichanike. Nami nakuandikia kwenye meza tuliyoisogeza katikati ya chumba.

Saa sita mwalimu mkuu aliingia. Aliangalia shimo, akauliza ukuta utachukua siku ngapi kukauka. Kuhusu mabweni alisema ataamua mwezi ujao, basi. Lakini alipokuwa anaondoka alimpita fundi rangi, akampita fundi bomba, akaja hadi kwa Mama na kumkabidhi ufunguo wa maktaba. "Mkimaliza, ufunge wewe," akasema.

Ukiipata barua hii mpigie Mama simu, tafadhali, ila usimuulize habari za mabweni.

Nisalimie Baba Mdogo, na yule mdogo wangu mtundu umwambie namdai barua. Bibi anakuombea kila siku. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Naacha hapa, Mama ananiita nimshikie pazia la mwisho. Anabandua kwa mkono mmoja, maana ufunguo hataki kuuweka mfukoni.

Wako akupendaye sana,
Binti wa dada yako.