Sindano Iliyokwama Kwenye Nusu

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, shati limenishika mgongoni.

Gari la kitanda limezimika njiani kwa kukosa petroli, maili chache upande huu wa Pangani. Aliyesema ni Shabani, utingo wa basi la Pangani, alipoingia ofisini kwetu saa tisa alasiri na vumbi lake lote. Ameliona kwa macho yake. Ndani yumo Hamza, mwandishi mwenzangu katika gazeti hili, na mama yake, ambaye ni shangazi yangu.

Habari hiyo ilinifurahisha.

Naiandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilitangulia, shangazi nikamkumbuka baadaye. Kati ya hayo mawili palikuwa na muda wa kutosha Shabani kunywa maji gilasi nzima.

Gari lenyewe ni zee. Wakati wa vita lilikuwa likibeba majeruhi. Vita vilipokwisha, Mzungu mmoja mpima ardhi alilinunua, akalifungia kitanda, kabati na jiko dogo la mafuta ya taa, akawa analala humo porini. Alipokwenda kwao likanadiwa, gazeti likalipata kwa bei ya baiskeli chache. Tangu hapo anayelishika ndiye anayeandika ukurasa wa pwani, kwa kuwa anaweza kwenda Pangani, Muheza hata Korogwe, akalala huko bila kumsumbua mtu. Asiyelishika hubaki mjini na kesi za mahakamani na bei ya nazi sokoni. Miaka miwili nililishika mimi. Sasa nazijua bei za nazi zote.

Namna lilivyonitoka ni hivi. Petroli imepanda, na mhariri wetu, Mzee Salehe, akatangaza kwamba gari litakwenda kwa yule anayelitumia kwa mafuta machache. Kila mmoja wetu aende Korogwe na kurudi, kisha hesabu iamue. Mimi nilijaza tangi mpaka mdomoni, nikaenda, nikarudi, nikajaza tena mpaka mdomoni, nikapima kilichoingia. Maili kumi na sita kwa galoni moja. Kwa gari la umri ule, lenye kabati la mbao mgongoni, si haba.

Hamza alipima kwa sindano ya mafuta. Aliondoka sindano imepita nusu kidogo, akarudi imeshuka unene wa ukucha tu, iko kwenye nusu.

Mzee Salehe hajapata kushika usukani maishani mwake. Aliinama dirishani, akavaa miwani, akaitazama sindano, akasema, "Huyu kijana ametumia nini? Ameenda kwa dua?" Hamza akaeleza kwamba yeye hukanyaga taratibu, na mteremkoni huzima moto gari likajiendea lenyewe. Akanigeukia. "Binamu yangu ana mguu mzito, mzee. Mguu wa fundi cherehani. Akikanyaga hajui kuacha mpaka nguo iishe."

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Ofisi nzima ilicheka, nami nilicheka.

Ilinipasa kucheka. Hamza ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu binamu ni mtani. Akinitukana nacheka, nikimtukana anacheka, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Nilifungua mdomo niseme kwamba sindano ile hukwama. Ikifika nusu hugoma hapo, na tangi linaweza kukauka kabisa nayo bado inasema nusu. Ndiyo maana mimi siiamini, huingiza ufito ndani ya tangi nikatazama ulipolowa. Hamza aliuona mdomo wangu unafunguka. "Haya," akasema, "wivu umeshapanda, msikilizeni." Wakacheka tena. Nikaufunga.

Tatizo ni kwamba alikuwa amesema kweli. Ulikuwa umepanda.

Ninamwonea wivu Hamza kwa mambo mengi, gari ni mojawapo tu. Yeye akiingia kijijini watu humletea kiti. Mimi nikiingia huniuliza nimetumwa na nani. Anaandika vibaya, anachanganya majina ya watu na ya vijiji, na nusu ya makala zake nimezisafisha mimi kabla hazijakwenda kwa wapiga chapa. Hata hivyo barua za wasomaji huja kwa jina lake. Shangazi, aliyenilea baada ya mama kufariki, humpakulia yeye kwanza. Yeye ni mwanawe wa kumzaa, kwa hiyo sina hoja. Nina wivu usio na hoja.

Jumanne alfajiri nilikwenda Nguvumali, mtaa anaokaa shangazi, kumuaga. Alikuwa anakwenda Ushongo, harusini kwa mjukuu wa dada yake. Hamza alipata ruhusa ya kumpeleka humo humo katika safari ya kazi, maana magoti ya shangazi hayawezi tena benchi la basi. Kabla hawajatoka nje nilichomeka ufito wangu kwenye tangi. Kilichokuwamo kingewafikisha Ushongo. Kisingewarudisha. Sindano ilisema nusu, na Mzee Salehe alikuwa amekataa kutoa pesa za petroli zaidi, kwa kuwa gari la Hamza halinywi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nishike mkono, leo nalalia kitanda cha Kizungu."

Majirani walikuwa wametoka kutazama. Nilimpandisha, nikamwekea mto, nikamwambia Hamza kwa sauti ya kawaida kwamba sindano ni mwongo, mafuta hayatoshi, achukue debe la akiba.

Hamza akapiga kofi mlango wa gari. "Jamani, njooni muone! Mtalaka amekuja kumchungulia mke aliyekwisha kuolewa!"

Wanawake wa jirani walishika mbavu. Shangazi naye alicheka mle kitandani mpaka akakohoa. "Athumani, mwache mwenzio naye aonje."

"Anasema hajashiba, mama! Anasema mpaka tubebe debe! Tukibeba debe, wewe ulale wapi?"

"Nilale juu ya debe, nitafanyaje? Mwanangu ana wivu."

Nami nikajibu. Hili ndilo ninaloliandikia leo. Nilisema, "Basi nendeni. Likizimika, lisukume kwa ulimi wako, maana huo hauchoki." Wakacheka, nikacheka, gari likaondoka. Nilibaki pale barabarani nikilisikiliza mpaka lilipoishia.

Siku mbili nimekuwa mtulivu sana. Nimeandika kesi ya wizi wa mbuzi bila kosa hata moja.

Leo Shabani alipomaliza maji, nilimuuliza maswali kama ninavyomuuliza shahidi yeyote. Gari liko wapi hasa? Kandokando ya shamba la mkonge, kabla hujafika Kigombe. Kuna aliyeumia? Hakuna. Shamba halina mafuta? Lina dizeli ya mitambo tu. Pangani je? Mapipa yamekauka, wanangoja shehena. Dereva wako hakuweza kuwapa kidogo? "Dereva wangu!" Shabani akacheka. "Yule hatoi hata moshi."

Nikauliza Hamza ana hali gani. Nilitarajia kusikia amekaa kwenye jiwe, ameshika kichwa.

"Hamza? Yuko kama bwana harusi, bwana. Wakata mkonge wametoka kazini wamemzunguka. Wamemletea madafu, wamemletea muhogo. Bi mkubwa amelala kitandani mlango wazi, wanawake wamejaa miguuni kwake, wanapika chai kwenye lile jiko. Wanaume wanasimulia, Hamza anaandika. Wanasimulia, anaandika. Basi letu lilipiga honi, hakuna aliyegeuka."

Furaha ile ikaniisha. Nimepita mahali hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, tangi limejaa, hesabu yangu ya maili na galoni imekamilika. Sijasimama hata siku moja. Yeye kasimamishwa na ujinga wake, na atarudi na habari ambayo miaka miwili nimekuwa nikiipita kwa mwendo mzuri wa kuokoa mafuta.

Nikamwonea wivu hata wa kukwama. Sikujua kwamba unaweza kufika huko.

"Ana salamu zako," Shabani akasema. "Amesema: mwambie binamu, sindano bado iko nusu."

Hilo lilinichekesha, nami sikutaka.

"Na bi mkubwa naye ana zake. Amesema: mwambieni Athumani, mimi sikujua kama alikuwa anasema kweli."

Hilo halikunichekesha.

Angejuaje? Kila mtu wa pwani hii anajua mzaha unavyoondolewa. Unamshika mwenzio mkono, unamvuta pembeni, unasema "utani kando", na kuanzia hapo hata mtani mkubwa hunyamaza akakusikiliza. Maneno mawili. Hamza angenyamaza, namjua. Shangazi angemwamuru achukue debe, na angelipata dukani kwa mkopo kwa jina lake mwenyewe. Nilikuwa nayo mdomoni Jumanne alfajiri, nikayaacha pale pale na badala yake nikatoa kichekesho. Nilionya kwa namna ambayo nilijua haitaaminiwa. Nikitafuta neno la upole la kuita jambo hilo silioni, na kazi yangu ni maneno.

Mzee Salehe alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, miwani mkononi. Alingoja Shabani aondoke.

"Athumani. Ulijua?"

"Nilimwambia, mzee."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba sindano inadanganya, mafuta hayatoshi. Mbele ya majirani."

Kila neno hapo ni sahihi. Mtu akitaka kuniapisha mahakamani, nitaapa.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi kosa ni lake. Kijana mwenye majivuno, na mama yake yumo garini. Kalichukue gari. Ukurasa wa pwani ni wako tangu wiki ijayo, yeye akae hapa ajifunze bei za nazi." Akavaa miwani, akarudi mezani kwake.

Nikasema, "Ahsante, mzee."

Nimepata nilichokuwa nakitaka, na kwa muda wa saa nzima nilikuwa na furaha ya kweli, sitajidai vinginevyo. Nilinunua petroli debe moja, nikalifunga mfuniko kwa gunia. Nilikwenda mtaa wa Usagara kuongea na wenye basi la Pangani, wakakubali debe lipande juu pamoja na kuku. Njiani nilianza kupanga makala yangu ya kwanza ya pwani. Nikagundua kwamba makala niliyokuwa nikiipanga ni ya wakata mkonge, wale wale waliomzunguka Hamza. Nilikuwa nimeshamnyang'anya gari, sasa nilikuwa namnyang'anya na madafu.

Magharibi nilijaribu kujitetea. Hamza ni mtu mzima. Mhariri ndiye aliyeiamini sindano. Kupima mafuta ilikuwa kazi yao. Hoja zote nzuri, na mwandishi yeyote angezikubali kutoka kwa msemaji yeyote. Kisha nikamfikiria shangazi amelala usiku huu kando ya barabara na magoti yake, akijilaumu kwa kunicheka. Anajilaumu yeye. Nimekuwa nikihojiwa na kuhoji watu miaka mingi, na sijaona kitu kinachomuumbua mtu kama kuombwa radhi na mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea.

Wivu haujaniisha. Nikimwona kesho amezungukwa na watu wake, huenda utanipanda upya kabla sijashuka kwenye basi. Siandiki hapa kwamba nimebadilika. Naandika kwamba jibu nililompa Mzee Salehe lina pengo, na ninajua upana wa pengo hilo.

Basi la kwanza la Pangani linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumamosi saa tatu Mzee Salehe ametuita sote wawili mezani kwake ili atoe uamuzi rasmi. Nitaomba kusema kabla yake, Hamza akiwa amekaa palepale anasikia, na nitakaposema sitachekesha mtu.