Watoto Watatu Kwenye Daftari, Mmoja Dunguni

Mama Dorotea mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usitaje gazetini jina langu la ubatizo, ingawa nikishasimulia watu wa Kisawasawa watanijua tu, na kusema kweli nimefika mahali sijali tena, kwa sababu jambo hili nimelibeba wiki mbili na chakula hakipiti.

Mimi ni mkulima wa mpunga, nina mume anaitwa Fidel na watoto wanne, na nitaanza na huyo wa kwanza kwa sababu ndiye mwenye barua hii. Anaitwa Oliva, ana miaka kumi na moja, hasikii tangu alipougua homa kali akiwa na mwaka na nusu, na kwa kuwa hasikii hakujifunza kusema, ila nyumbani tuna ishara zetu za mikono, za maji, njaa, njoo, acha, baba, na nyingine kazitunga mwenyewe. Shuleni hapa kijijini alikaa muhula mmoja, mwalimu akaniita akaniambia kwa upole kwamba mtoto anakaa tu anatazama midomo ya watu, nikamrudisha nyumbani, na tangu hapo sikuuliza tena popote.

Unajua huku kwetu mpunga ukianza kutia maziwa familia inagawanyika, wengine wanabaki kijijini na wengine wanahamia shamba kulinda. Oliva ndiye anayekaa dunguni, juu ya kile kichanja cha miti, tangu kunapokucha mpaka jua linapozama, anaamia ndege wasile mpunga, na Mama Dorotea naomba uniamini, hakuna anayemzidi. Kweleakwelea wakiwa bado ni vumbi tu upande wa mto yeye ameshawaona, ameshavuta kamba za makopo, na makopo yakilia yeye hayasikii ila anaijua kamba kwa mkono, ikilegea anashuka kuifunga upya kabla sisi hatujagundua. Wenye mashamba ya kupakana wanasema laiti wangekuwa na mtoto kama huyo, nami huwa najisifu, nasema huyo ni wangu, mzao wa kwanza.

Sasa wiki mbili zilizopita nilikuwa nimerudi kijijini kuchukua unga, nikamkuta mlangoni afisa ustawi wa jamii wa wilaya, anapita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto wenye ulemavu, na aliyekuwa anamwandikia ni Aurelia, yule wa kikundi cha watu wenye ulemavu cha Kibaoni, anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Afisa akaniuliza, mama una watoto wangapi, nikasema watatu. Akauliza yupo mwenye ulemavu wowote, nikasema hakuna, Mungu ametusaidia. Mama Dorotea, Aurelia ni mama wa ubatizo wa Oliva, alimshika mwenyewe kanisani, na alikuwa pale mbele yangu na kalamu mkononi. Akanitazama. Akaandika tatu, wakaondoka.

Nikajiambia afisa ameuliza waliopo nyumbani, na Oliva yuko shamba, kwa hiyo sikudanganya, lakini najua nilidanganya. Niliona haya, hiyo ni moja. Nyingine ni kwamba nilikuwa nimesikia wanapelekwa shule ya bweni, nikaogopa atarudi hanijui. Na nyingine ambayo nimemwambia padri tu ni kwamba niliwaza ndege.

Siku nne baadaye, jua halijazama bado, tembo walishuka kutoka upande wa milima wakaingia shamba la jirani. Watu walipiga kelele, wakapiga debe, kila mtu akakimbia na mimi nikakimbia na mtoto mdogo mgongoni, na nilipofika barabarani ndipo nikahesabu. Oliva alikuwa bado dunguni, amewapa tembo mgongo, anavuta kamba zake. Tembo walipita ng'ambo ya mfereji hawakumgusa. Nilipomfikia alikuwa ameshuka, anatazama mashamba yasiyo na mtu, akaniuliza kwa mikono, mlikwenda wapi? Tembo niliweza kumwonyesha, nilifanya mkonga. Lakini kumwambia tulikusahau, sina ishara yake. Samahani pia sina.

Juzi Aurelia amekuja peke yake, hakunigombeza. Aliniambia, "Dada, mbele ya afisa sikutaka kukuumbua. Jumamosi tarehe ishirini na nne majina yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji, aliyesahaulika anatajwa palepale na mzazi wake, halafu daftari linafungwa. Mwezi ujao wapimaji wanakuja Ifakara mara moja tu. Asiye kwenye daftari hapimwi, na asiyepimwa hapati nafasi ya Januari kwenye shule yenye walimu wa viziwi." Nilipomweleza Fidel akasema tuache mwaka huu, mwakani nani ataamia ndege. Na tena mimi mwenyewe nitasimamaje mbele ya kijiji kizima kusema nilimdanganya afisa wa serikali, watatucheka mpaka kwenye jumuiya ya kanisa. Nikisimama naonekana mwongo na nagombana na mume wangu, nisiposimama mwanangu ndiyo basi. Nifanye nini?

Ni mimi Mama Wendelin, Kisawasawa. Wendelin ni wa pili. Zamani waliniita Mama Oliva, halafu Wendelin alipoanza kusema watu wakahamia kwake, na mimi nikaitika.

*

Mama Wendelin, marahaba. Nitakuita hivyo kwa leo.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote zilizofika kabla yake, kwa sababu ya hiyo tarehe. Na nimeisoma nikilia, nakwambia wazi, nilipofika pale mtoto anapouliza mlikwenda wapi. Kwa hiyo pole. Pole sana, mwanangu. Umemuuguza, umemlea, umetunga naye lugha nzima jikoni bila mwalimu, na hakuna aliyekuja kukusaidia mpaka amefika miaka kumi na moja. Hilo ni kosa la wengi kabla halijawa lako.

Sasa nikugombeze, maana umelitafuta. Shambani unamhesabu wa kwanza. Jirani akimsifu, ni wangu, mzao wa kwanza. Anakuja mtu na daftari linaloweza kumpa huyo mtoto shule, ghafla una watoto watatu! Hivi ungemwambia nini Oliva kama angekuwa amesimama hapo mlangoni anatazama midomo yako? Na huyo Mungu uliyemsingizia kwamba amekusaidia, muombe radhi. Usijifiche nyuma ya maneno ya "waliopo nyumbani". Wewe mwenyewe hukuyaamini, ndiyo maana chakula hakipiti.

Unasema uliogopa atarudi hakujui. Hofu hiyo naiheshimu, mzazi yeyote angekuwa nayo. Basi usikae nayo nyumbani, panda gari uende ukaione hiyo shule kabla ya Januari. Ingia bwenini, uone kitanda, umuulize matroni nani anawaamsha watoto wasiosikia kukiwa na hatari, na usiondoke mpaka akujibu. Uliza siku za kutembelea. Jibu lisipokuridhisha, mwambie Aurelia, kikundi chao ndiyo kazi yao kubisha hodi kwenye ofisi. Lakini ujue hili: atarudi likizo na ishara ambazo wewe huzijui. Dawa yake ni wewe kujifunza. Muulize Aurelia kuna watu gani Ifakara wanaofundisha wazazi lugha ya alama, na kama hakuna, kikundi chake kidai kwa afisa yule yule, na wewe uwe wa kwanza kuandika jina. Samahani ina ishara yake. Jifunze hiyo kwanza, kisha umwambie.

Fidel, najua gazeti utaletewa usomewe au utalisoma kwa siri, kwa hiyo nakusemesha. Mpunga wa mwaka huu unavunwa kabla Januari haijafika, hakuna ndege hata mmoja anayepungukiwa. Unachotetea ni mwakani. Mwakani utapanda dunguni wewe, au mtapeana zamu na hao majirani wanaotamani mtoto kama wako, leo wewe unalinda mashamba mawili, kesho mwenzako. Watu wa bonde mnasaidiana kupanda na kuvuna, mtashindwa kusaidiana kufukuza ndege? Tena binti aliyejifunza mwenyewe kusoma kamba kwa kidole, unafikiri akipewa mwalimu wa kweli ataishia wapi? Mimi sijui, na wewe hujui, na hamtajua kama atabaki dunguni.

Aurelia naye nina neno naye. Mama wa ubatizo haandiki tatu akijua ni wanne. Ulitaka kumsitiri rafiki, nimekuelewa, ila aliyebaki bila kusitiriwa alikuwa mtoto. Jumamosi uwepo, ukae mbele, na dada yako akipotewa na sauti wewe uendeleze.

Tukirudi kwako, mama. Kuanzia kesho mtoto huyo asikae dunguni peke yake. Atakayekuwa karibu awe mtu mwenye masikio, na kwenye kila shamba la kupakana funga kitambaa chekundu kwenye fimbo ndefu, kikipeperushwa Oliva ajue ni kushuka na kukimbia. Mfundishe leo, jaribuni mara kumi. Ijumaa nenda kwa mtendaji wa kijiji, kabla ya mkutano, umwambie unalo la kusahihisha ili akuweke kwenye ajenda. Beba kadi ya kliniki ya Oliva kama bado unayo, beba cheti cha ubatizo, na cheti cha kuzaliwa kama hamjachukua uliza hapo hapo namna ya kukipata. Siku ya kupimwa mpeleke wewe mwenyewe, usimtume mtu, kwa sababu wapimaji watauliza habari ya ile homa na anayeikumbuka ni wewe.

Watacheka? Wengine watacheka. Ila nakuhakikishia, katika mkutano huo atakuwepo mama mwingine aliyesema watatu, au wawili, au hakuna, na atakuwa anasubiri mtu aanze. Nimejibu barua miaka kumi na sita, mnaandika kila mmoja kivyake kana kwamba ni yeye tu.

Jumamosi hiyo Fidel abaki na ndege. Oliva mvalishe gauni lake la kanisani, mje naye, asimame kando yako ili wamwone na yeye awaone. Usitoe hotuba. Sema hivi: niliandikisha watoto watatu, ninao wanne, wa kwanza anaitwa Oliva, ana miaka kumi na moja, hasikii, anataka shule, mwandikeni. Halafu nyamaza, usikae chini mpaka umeona kalamu inatembea.

Na anayeandika muhtasari atakuuliza jina la mzazi anayesema. Mwambie Mama Oliva.